Kabla hujaenda kupima CD4

Shangazi yangu wa Mbagala alitoka kliniki ameikunja kadi yake mara nne. CD4 zake, yaani seli za kinga ya mwili, zilikuwa 430, safari hii zimeandikwa 362. Njia nzima kwenye daladala hakusema neno. Tulipofika nyumbani nikamwuliza, shangazi, wiki hii umeamkaje? Kumbe alikuwa ametoka kuugua mafua makali, na hakuwa amemwambia mtu pale kliniki.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayejiandaa kwenda kutolewa damu, asirudi nyumbani na hofu kama ile.

CD4 ni seli nyeupe za damu zinazoziamsha seli nyingine za kinga zipambane na vijidudu, na hizo ndizo VVU huzishambulia. Maabara huhesabu zimo ngapi katika milimita moja ya ujazo wa damu. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1500 hivi. Kwa watoto chini ya miaka 5 hutazamwa zaidi asilimia, kwa hiyo mama, usilinganishe namba ya mwanao na yako.

Namba hii haitulii. Kwa mtu yule yule, siku ile ile, asubuhi huwa chini kuliko jioni. Mafua huishusha, TB huishusha, ujauzito pia, na baadhi ya dawa kama za steroidi. Ndiyo maana namba moja peke yake haitoshi kukutia hofu wala kukubwetesha. Angalia inaelekea wapi kwa vipimo kadhaa. Kama umezoea kupimwa saa mbili asubuhi, nenda saa mbili, na kwa foleni za Dar hiyo maana yake ni kutoka nyumbani bado giza. Ukiwa unaumwa, usiahirishe kwa uamuzi wako. Nenda, umwambie nesi kabla hajakufunga mpira mkononi.

Huhitaji kufunga kula. Kunywa chai yako, na maji ya kutosha ili mshipa uonekane haraka. Ila kama siku hiyo utapimwa na sukari, uliza kwanza. Dawa zako za ARV meza kama kawaida; wapo wanaoziacha asubuhi ya kipimo wakidhani zitaharibu majibu, na hilo ni kosa kubwa.

Beba kadi, na daftari dogo la majibu ya nyuma. La shangazi sasa lina tarehe, saa, namba, na pembeni ameandika kwa mkono wake: “nilikuwa na mafua.”

Ukipewa majibu, uliza na wingi wa virusi. Hicho ndicho kipimo kinachoonyesha kama dawa zinafanya kazi; CD4 huonyesha kinga imebaki kiasi gani. Na CD4 zikiwa nyingi, hiyo si ruhusa ya kusubiri dawa: mwongozo wa sasa nchini ni kumwanzishia dawa kila mwenye VVU, namba yake iwe yoyote.

Zikiwa chini ya 200, usiondoke hapo kabla hujauliza kuhusu uchunguzi wa TB, kipimo cha fangasi wanaoshambulia utando wa ubongo, na dawa ya kotrimoksazoli ya kujikinga. Kichwa kikikuuma mfululizo au ukiwa na kikohozi kisichoisha, kitaje siku hiyo hiyo.