Kabla Hujaanza Kumtunza Mzazi: Mambo ya Kuzingatia Mapema

Kwenye ukuta wa nyumba ya mama kulikuwa na mstari wa weusi, usawa wa kiuno, kutoka mlango wa chumba chake hadi mlango wa choo. Nilikuwa nimeupita mara nyingi nikidhani ni mikono ya wajukuu. Asubuhi niliyoamka mapema nipake rangi ndipo nilipomwona mama akitoka chumbani, kiganja amekiegemeza ukutani, anakiburuta taratibu palepale kwenye ule mstari. Kumbe alikuwa akitembea kwa kuushika ukuta kwa miezi mingi. Hakusema, na mimi sikuuliza.

Wengi wetu huanza kujiandaa kumtunza mzazi baada ya jambo kutokea: ameanguka, amelazwa, amepotea njia ya kurudi nyumbani. Hapo maamuzi hufanywa mbiombio na mwenyewe huwa wa mwisho kuambiwa. Ninayoyaandika hapa ni ya kabla ya siku hiyo, wakati mzazi angali na kauli yake. Mengi hayahitaji fedha. Yanahitaji mtu wa kuangalia na kusikiliza.

Anza na mazungumzo, tena ya watu wawili tu. Usimwitie kikao cha familia. Mtu ambaye miaka yote alikuwa akiitisha vikao hawezi kufurahi kugeuzwa ajenda ya kikao. Kaa naye mkiwa mnafanya kazi nyingine ya mikono, umuulize: ukichoka ungependa kuishi wapi? Nani akusindikize kwa daktari, na nani asijue habari za ugonjwa wako? Kitu gani kinakupa hofu? Ukishauliza, nyamaza. Usimkamilishie sentensi. Mama alinijibu kwamba kufa hakuogopi, anachoogopa ni kuvuliwa nguo na mtu asiyemjua. Jibu hilo moja lilibadilisha karibu kila nilichokuwa nimepanga, maana nilishaanza kutafuta msaidizi wa kumlipa ili amwogeshe.

Mwaka 1991 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni zinazowahusu wazee, zikapangwa katika mafungu matano: kujitegemea, kushiriki, kutunzwa, kujiendeleza na utu. Tazama kutunzwa kulivyokuja nafasi ya tatu. Sisi watoto, kwa mapenzi yetu, huanzia hapo hapo kwenye ya tatu, tukamnyang'anya mzazi zile mbili za mwanzo bila kujua.

Kwa hiyo kabla ya kupanga utamsaidia nini, jua anachoweza. Mwaka 1963 daktari Mmarekani Sidney Katz na wenzake walichapisha kipimo chenye mambo sita ya kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Waliona kwamba uwezo huo kwa kawaida hupungua kwa mpangilio huo, kuoga kukitangulia na kula kukibaki mwisho. Hata kabla ya hapo huwa kuna dalili kwenye shughuli zenye hesabu na kumbukumbu ndani yake, kama simu, manunuzi, kupika, usafiri, dawa na fedha. Kaa naye wiki nzima, uandike kimyakimya: hili anafanya mwenyewe, hili akisaidiwa kidogo, hili limemshinda. Kisha saidia lililomshinda, na jingine mwachie. Baba akichukua dakika tano kufunga vifungo vya shati, ni dakika zake. Ukimfungia kila siku kwa kuwa una haraka, vidole vitazidi kukakamaa, na kesho utakuwa umejiongezea kazi kwa mkono wako mwenyewe.

Nyumba nayo iangaliwe kwa macho yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaoongoza ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Kuna jaribio dogo ambalo wauguzi hulitumia: mzee anaketi kwenye kiti, anasimama, anatembea mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, anageuka, anarudi kuketi. Ikimchukua sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka na aonwe na mtaalamu. Mtazame pia anaposimama asubuhi. Kuna wazee ambao presha yao hushuka ghafla wakiinuka, kizunguzungu kikawaangusha hatua mbili kutoka kitandani. Mzoeze kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndipo ainuke. Likijirudia, daktari ampime presha akiwa amelala na akiwa amesimama, kwa sababu huenda dawa anazomeza ndizo zinazoishusha.

Mikeka na mazulia yanayoteleza yaondoke njiani. Taa ndogo iwake usiku kati ya kitanda na choo. Kiti kiwe na urefu unaomwezesha kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, na kiwe na mikono ya kujiinulia. Bafuni ndiko nitakakokaa kidogo. Vyuma vya kushikia vifungwe ukutani kwa skrubu, na asishike kile chuma cha taulo, ambacho hakikutengenezwa kubeba mtu. Mlango wa bafu unaofungukia ndani ni hatari: akianguka, mwili wake ndio utakaouzuia usifunguke. Kama inawezekana, geuza ufungukie nje. Wala usimwondolee kitasa. Mtu mzima ana haki ya kujifungia anapooga, kwa hiyo tafuta kitasa ambacho kwa dharura unaweza kukifungua ukiwa nje. Kwa mama tulifunga ubao wa kushikia ukutani, na hatukuhitaji kupima urefu wake. Mstari wake mweusi ulikuwa umeshapima.

Kuhusu dawa, chukua mfuko mmoja, mwombe mzazi aweke humo kila anachomeza, kupaka au kunywa, hata kile alichopewa na jirani. Soma jina la kiambato, lile la herufi ndogo chini ya jina kubwa la kibiashara. Ndani ya mfuko wa mama nilikuta vidonge vya presha vya aina mbili, visanduku tofauti, rangi tofauti, majina tofauti. Kiambato kilikuwa kimoja. Alipewa kila kimoja mahali pake, na alikuwa akimeza vyote viwili kwa utiifu kabisa. Dawa za maumivu zinazonunuliwa bila cheti, kama ibuprofeni na diklofenaki, zinaweza kupandisha presha, kuumiza figo na kuvujisha damu tumboni, na mwili wa mzee huzistahimili kwa shida zaidi. Vidonge vya zamani vya mafua na mzio, mfano klorofeniramini, vinaweza kumchanganya akili. Usimwachishe dawa yoyote kwa uamuzi wako. Peleka mfuko wote kwa daktari, uulize: kati ya hizi, ipi bado anaihitaji?

Hapa niseme jambo ambalo lingeokoa wazee wengi. Mzazi aliyelala jana akiwa na akili timamu, leo akaamka haelewi alipo, anaongea yasiyoeleweka au amezubaa tu, huo si uzee. Ugonjwa wa kusahau huingia kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kwa saa au siku chache kuna chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho kinatibika: maambukizi ya njia ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji, dawa mpya, au sukari iliyoshuka kwa mgonjwa wa kisukari. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hisia ya kiu nayo hupungua uzeeni, kwa hiyo usimsubiri aombe maji. Mwekee karibu, na kama anajibana kunywa kwa sababu ya kuogopa safari za chooni usiku, anywe zaidi asubuhi na mchana. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hicho huenda ni kiharusi. Tazama saa ilipoanza, uiandike, mwondoke mara moja. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, kwa wanaostahili kupewa, hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na swali la kwanza la daktari litakuwa ni lini alionekana mzima mara ya mwisho.

Ugomvi mwingi wa ndani ya nyumba chanzo chake ni masikio. Usikivu wa uzeeni hupotea kuanzia sauti nyembamba, hivyo mzazi husikia kwamba unaongea lakini herufi kama s, f na t zinampotea, maneno yanakuwa ukungu. Ukipaza sauti unampa kelele zaidi, na yeye anakuona unamfokea. Zima redio, kaa mbele yake mahali penye mwanga, ongea taratibu kwa sauti nzito kiasi. Kabla ya hayo yote aangaliwe nta masikioni. Na asiposikia, usigeuke kumwambia mwingine "we acha tu." Neno hilo analisikia vizuri.

Sasa kuoga, ambako heshima hujulikana. Amueni mapema nani atamwogesha, na uamuzi uwe wake. Wapo akina mama wasiokubali mtoto wa kiume aingie bafuni, wapo akina baba ambao wako radhi mtoto wao wa kiume awasaidie kuliko binti, na wapo wanaomtaka mgeni kuliko mtoto wa kumzaa. Usimbishie. Andaa kila kitu kabla hajavua nguo: maji, sabuni, taulo, nguo safi zikiwa zimepangwa kwa utaratibu wa kuvaa. Mfunike taulo mabegani na mapajani, ufunue sehemu unayoiosha tu, kisha uifunike tena. Mpe kitambaa ajisafishe mwenyewe sehemu za siri kama mkono unafika. Mwambie unachotaka kufanya kabla ya kumgusa: "Mama, naanza mgongo." Mlango ufungwe. Nepi za watu wazima zikihitajika, tafuteni jina lake mnalolielewa wawili, na zisitajwe mbele ya wageni. Mzazi aliyejichafulia nguo tayari ameona aibu, hahitaji uso wako umwongezee.

Kama muda mwingi yuko kitandani, ageuzwe mara kwa mara, hasa asipoweza kujigeuza, na kila siku atazamwe visigino, nyonga na chini ya mgongo. Wekundu usiopotea ukiubonyeza ndio mwanzo wa kidonda cha kulalia. Jifunze kwa muuguzi namna ya kumwinua: asogee mbele ya kiti, miguu airudishe nyuma kidogo, ainamie mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asimame. Ukimvuta kwa mikono utamuumiza mabega, na wewe utaumia mgongo.

Ndugu waongee fedha na zamu waziwazi, waandike. Anayetuma fedha kutoka mbali asiwe bosi wa anayefua mashuka usiku. Fedha za mzazi ni zake, hata anapozitumia kwa jambo ambalo wewe hulioni kuwa na maana. Hati ya kumpa mtu uwezo wa kumsimamia mambo yake hufanywa akiwa na akili timamu, na kwa kuwa sheria zinatofautiana, mwone mwanasheria mapema. Vitambulisho, hati za mali na kadi za hospitali viwe mahali pamoja, na yeye ajue ni wapi.

Nawe mtunzaji jiandalie pa kupumulia kabla hujachoka. Panga siku ya mapumziko kila wiki na mtu wa kukushikia nafasi, tangu mwanzo, bila kungoja uanze kulia jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi alitendewa vibaya kwa namna fulani ndani ya mwaka mmoja, na kumdhalilisha kwa maneno au kumtelekeza bila huduma vinahesabiwa humo. Ukiona sauti inapanda, hakikisha amekaa salama, toka nje, pumua, rudi. Ukiwa umeshamkosea, mwombe radhi. Mzazi naye huombwa radhi.

La mwisho ni kuhama. Wengi tunadhani kumtunza maana yake ni kumleta kwetu. Jaribuni kwanza kwa wiki chache. Mpe ufunguo wake wa mlango, kitanda kikae upande ule ule aliouzoea ili mguu usitafute sakafu gizani, na nyumba yake isipangishwe wala kufungashwa vitu. Mama alikaa kwangu wiki tatu. Siku moja baada ya chakula cha mchana akaniambia, "Mwanangu, kwako pazuri, lakini nataka kurudi kwangu." Tulimrudisha siku iliyofuata. Mdogo wangu akachukua usiku, mimi nikachukua asubuhi, na vile vyuma vya bafuni tulivyonunua kwa ajili ya nyumba yangu tukavifunga kwake.