Mchicha Unaharibikia Mtaroni, Dakika za Mwisho

Wakulima wa mboga wa Tanga, hili nimelisema mpaka koo limekauka: mchicha ukishakatwa, usiuchovye mtaroni. Mtu anahangaika wiki 3 au 4, anapalilia, anaweka samadi, halafu alfajiri, kabla gari la soko la Mgandini halijafika, anazamisha mafungu kwenye maji yaliyopita nyuma ya vyoo vya watu. Ukimuuliza, anasema anaufufua.

Kweli majani yanasimama. Sasa fungua kamba ya fungu moja utazame katikati ya mashina: tope jeusi limekaa pale, linanuka. Mboga ikiwa shambani, jua linaua vijidudu vingi vilivyo juu ya majani. Ukishaikata, ukaichovya na kuifunga kwenye gunia lenye joto, jua halina tena pa kukusaidia. Kuhara, homa ya matumbo, hata kipindupindu vinasafiri hivyo hivyo. Mkulima mmoja ninayemhudumia alirudishiwa matenga yote na hoteli, na mpaka leo hawajamwita tena.

Siku 3 za mwisho kabla ya kuvuna, acha maji ya mtaro. Mwagilia ya bomba au ya kisima kilichofunikwa, kilicho mita 30 au zaidi kutoka chooni. Keni ishike chini, usiinyanyue mpaka kifuani, maana udongo unarukia majani.

Kuosha: suuza kwanza tope kwa maji safi, ukisugua mashina kwa vidole. Msiruke hapa! Klorini, ile iliyomo kwenye dawa ya kung'arishia nguo, haiui mayai ya minyoo, hayo yanaondoka kwa kusuguliwa tu. Kisha chukua ndoo ya plastiki yenye lita 20 za maji safi, weka mililita (mil) 60 za dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yenye nguvu ya asilimia 3.5, isiyo na manukato. Pima kwa sirinji ya mil 10, mara 6. Tafadhali, si "kakifuniko kamoja hivi" kama ninavyoonyeshwa kila nikipita, na wala msichanganye na sabuni ya unga. Zamisha dakika 2, toa, suuza tena kwa maji safi, tandaza kivulini maji yachuruzike ndipo ufunge. Usipouona tena mkono wako chini ya ndoo, maji hayo yamechoka. Mwaga, changanya mengine. Dawa ikikutana na tope inaishia kwenye tope.

Ukipatia, mchicha unafika sokoni haunuki na hauna utelezi.

Wenye bustani chini ya gereji au chini ya wanaovunja betri, hesabu hii yote haiwahusu. Madini ya risasi na oili haviondoki kwa klorini wala kwa kuchemsha, na mmea unaivuta risasi kutoka ardhini. Maji yanayotoka huko msimwagilie kabisa, hata siku ya kwanza.