Jinsi ya kupanga safari moja yenye tamasha la metali na milima

Wapenzi wengi wa hevi metali, ule muziki wa magitaa makali, wananunua tiketi ya tamasha kwanza, alafu ndo wanafungua ramani kuangalia milima iko wapi, wanakuta iko mbali, hela imeisha na likizo imeisha, wanarudi nyumbani wameona steji na tope tu. Mi nakushauri ugeuze: tafuta kwanza sehemu yenye mandhari unayoitamani, afu uulize kama kuna tamasha hapo hapo. Wacken kule Ujerumani lipo tangu 1990 na ni kubwa kweli kweli, nenda kama unataka bendi, ila ile ni nchi ya mashamba tambarare, milima usiitegemee.

Kama ni safari ya kwanza nenda Bergen, Norway. Kuna tamasha linaitwa Beyond the Gates, hufanyika kiangazi, na baadhi ya shoo zinapigwa Grieghallen, ukumbi wa okestra ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 bendi kama Mayhem, Emperor na Immortal zilirekodi humo, kwa hiyo kwa mtu wa bleki metali, lile tawi la metali la bendi kama hizo, kukaa tu ndani ya lile jengo ni jambo zito. Sasa raha yenyewe ni kwamba mji umezungukwa na milima, na shoo nyingi ni za jioni, asubuhi ni yako. Panda Ulriken, mita 643, ukichoka kuna kibini kinachoning'inia kwenye kebo kinakupeleka juu, afu tembea kwa miguu mpaka Fløyen, inachukua kama masaa matano au sita, unashuka na kitreni cha mlimani mpaka katikati ya mji. Njia ya juu imewekewa marundo ya mawe, ukungu ukishuka simama kwenye rundo moja mpaka uone linalofuata ndo uondoke, usikisie. Mawe yakilowa yanateleza vibaya, na Bergen mvua ni kila mara, kwa hiyo viatu viwe na meno, raba za mjini hapana.

Kutoka Oslo usipande ndege, panda treni, ni kama masaa saba, inapita stesheni ya Finse kwenye mita 1222 ambapo hakuna miti kabisa, ni mawe, barafu na maji. Tiketi ukibuku mapema inashuka bei sana. Ukishuka Myrdal unaweza kuunganisha treni ya Flåm, kilomita 20 tu lakini inateremka kutoka juu mlimani mpaka kwenye maji ya fjodi, yaani mkono mwembamba wa bahari ulioingia kati ya milima, weka siku moja nzima kwa hilo.

Oslo nako kuna Inferno, ila hilo ni la Pasaka. Milimani bado theluji imejaa kipindi hicho, Trolltunga, ule ulimi wa mwamba unaochomoza juu ya ziwa, usiende bila mwongozaji, na maduka mengi yanafungwa sikukuu, chakula nunua mapema.

Ambaye hapendi baridi aende Tolmin, Slovenia, mwezi wa saba kuna Tolminator. Uwanja uko pale mito ya Soča na Tolminka inapokutana, chini ya milima ya Alps, watu wanaogelea mchana wakiwa bado na fulana za bendi, maji ni ya kijani yanayong'aa na ni baridi hata jua likiwa kali, ingia taratibu. Korongo la Tolminka liko karibu, ni sehemu ya hifadhi ya Triglav.

Kwenye mpangilio wa siku, milima mirefu weka baada ya tamasha na katikati acha siku moja ya kulala tu. Trolltunga kutoka Skjeggedal ni kama kilomita 27 kwenda na kurudi, huwezi kuifanya na miguu iliyosimama mbele ya steji usiku tatu, na mtu aliyechoka ndo anaanguka. Acha pia siku ya akiba kwa ajili ya hali ya hewa.

Kama pasipoti yako inahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, unaomba ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hesabu vizuri ukiunganisha nchi mbili. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla, bima iwe na kima cha angalau euro 30,000, na soma kama inagusa kupanda milima maana nyingine zinaruka hilo. Hema Norway unaruhusiwa kupiga bure porini, mita 150 kutoka nyumba ya mtu, mpaka usiku mbili sehemu moja, na hapo ndo bajeti inapona.

La mwisho masikio, na hapa sibembelezi mtu. Kwenye sauti ya desibeli 100 kiwango kinachopendekezwa kwa usalama kazini na taasisi ya NIOSH ya Marekani ni dakika 15 kwa siku, na tamasha ni masaa. Vile viziba masikio vya sponji watu wanavichomeka juu juu tu, havisaidii. Kisokote kwa vidole mpaka kiwe chembamba, mkono mwingine upitishe juu ya kichwa uvute sikio kwenda juu, kiingize, kishikilie mpaka kijae. Ngoma utaisikia vizuri tu, ila zile kelele kali zinapungua. Ukisikia mlio masikioni ondoka mbele ya spika hapo hapo, hata kama bendi uliyoifuata ndo iko stejini.