Timu iko mkiani, kocha ameondoka: namna ya kumpata anayefaa

Kocha ameagwa Jumamosi usiku baada ya kipigo cha nne mfululizo. Kufikia Jumatatu asubuhi simu ya mwenyekiti imejaa wasifu wa makocha kutoka kwa mawakala, kila mmoja na picha ya mtu aliyeshika kombe. Hapo ndipo klabu nyingi za Ligi Kuu Bara, ligi ya juu ya soka Tanzania Bara, zinapojikwaa: zinasoma wasifu kabla hazijajua timu inaumwa nini. Maelezo haya ni kwa wanaokaa kwenye kikao hicho cha Jumatatu, hasa wa klabu zisizo na bajeti ya Simba wala Yanga, ambazo uteuzi mmoja mbaya unatosha kuzishusha daraja.

Msiteue mtu siku hiyo. Mkabidhini timu kocha msaidizi au kocha wa vijana kwa mechi moja au mbili, mwandikieni barua ya kukaimu yenye tarehe ya mwisho, kisha zitumieni siku hizo kuipima timu.

Hesabu kwanza, majina baadaye

Ligi ina timu 16 na mechi 30. Kwa mfumo wa msimu wa 2024/25, timu za nafasi ya 15 na 16 zilishuka moja kwa moja, ndivyo zilivyoondoka Kagera Sugar na KenGold, na zile za nafasi ya 13 na 14 ziliingia kwenye mchujo wa kuwania kubaki. Kwa hiyo usalama unaanzia nafasi ya 12. Tazameni timu ya nafasi hiyo ilimaliza na pointi ngapi katika misimu mitatu iliyopita, mchukue iliyo kubwa. Tuseme ni 34. Kama mna pointi 14 baada ya mechi 17, mnahitaji pointi 20 katika mechi 13, yaani wastani wa 1.54 kwa mechi, wakati hadi sasa mnaokota 0.82. Kocha ajaye anatakiwa kukaribia kuuzidisha wastani huo mara mbili, na hana hata nusu msimu. Andikeni namba hiyo ubaoni kabla jina lolote halijatajwa. Ikishakuwepo, mazungumzo ya kujenga kikosi cha miaka mitatu yanajiweka pembeni yenyewe.

Kisha mzitazame upya mechi nane za mwisho, dakika zote 90, mkiwa na mtu mmoja wa benchi la ufundi na mwingine asiye wa benchi. Chukueni karatasi, mchore jedwali la kila bao mlilofungwa: dakika, lilianzia upande gani, mpira ulikuwa umekufa (kona, adhabu) au unatembea, nani alikuwa karibu na mfungaji. Jedwali la mabao 12 au 15 linasema mambo mengi kuliko ripoti ya kurasa kumi. Mabao mengi yakiwa ya kona na mipira ya adhabu, ugonjwa wenu unatibika ndani ya wiki mbili kwa kupanga upya nani anamkaba nani. Yakiangukia baada ya dakika ya 75, shida ni pumzi au ni benchi la akiba lisilo na watu, na hapo kocha wa viungo anaweza kuwa na thamani kuliko kocha mkuu mwenye jina. Yakianzia kwa beki wa pembeni aliyepanda asirudi, ni mfumo uliowazidi wachezaji mlionao. Timu isiyofunga kabisa ni kesi nyingine: hesabuni mashuti yaliyopigwa ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti. Ikiwa mnapiga mengi kuliko wapinzani na bado mnafungwa, huenda kocha mliyemtimua hakuwa na kosa kubwa.

Hilo la mwisho ni gumu kulimeza, lakini lina ushahidi. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alichunguza ligi kuu ya nchi hiyo kuanzia 1986 hadi 2004 na kulinganisha timu zilizofukuza makocha na zile zilizopitia kipindi kibaya kama hicho zikabaki na wa kwao. Zote zilinyanyuka karibu sawa. Upepo mbaya huwa unageuka hata bila kumgusa mtu. Ushindi wa mechi mbili za kaimu kocha, kwa hiyo, usiwashawishi kumpa mkataba wa miaka miwili, na sare mbili zisiwafanye mumwone hafai.

Kipimo cha mwisho kiko kwa mhasibu. Wachezaji wanadai miezi mingapi? Posho za kushinda za mechi zipi hazijalipwa? Kikosi kinachodai miezi mitatu hakimsikilizi kocha yeyote, awe wa Tanga au wa Lisbon. Kama fedha za kumleta mgeni zipo na za mishahara hazipo, lipeni mishahara kwanza, kaimu aendelee.

Andikeni kazi yenyewe, nusu ukurasa

Kutokana na vipimo, andikeni mnamtafuta mtu wa nini. Mfano: "Kocha wa kuzuia mabao, anayeweza kufanya kazi na mabeki tuliobaki nao bila usajili mpya, anayejua safari za ligi hii, kwa mechi 13." Hilo la usajili lina uzito wake. Dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, likishafungwa, kocha anayetaka wachezaji sita wapya hana kazi kwenu, hata awe hodari namna gani.

Safari nazo zihesabiwe. Msimu wa 2024/25, aliyetoka Ruangwa kwenda Bukoba alivuka nchi nzima, kisha akakanyaga nyasi bandia za uwanja wa Kaitaba. Uwanja wa Sokoine pale Mbeya kuna mwinuko na baridi. Kocha asiyejua haya hupanga mazoezi mazito siku moja baada ya safari ya basi ya saa 14, halafu anashangaa misuli ya wachezaji inakatika. Mtu akija na hesabu za ligi ya kwao, ambako safari ndefu ni saa tatu, wiki zake tatu za kwanza ni za kujifunza, na nyinyi wiki tatu hizo hamna.

Lugha pia. Mapumziko ni dakika 15. Mkitoa za kutembea, maji na kufunga vidonda, zinabaki saba au nane za kuongea. Kila neno likipita kwa mkalimani, zinabaki nne. Ndiyo sababu makocha wa Burundi na mashariki ya Kongo wanashika kazi haraka hapa: Étienne Ndayiragije alipita KMC na Azam hadi akakabidhiwa Taifa Stars, timu ya taifa. Ukimleta asiyejua Kiswahili, msaidizi wake awe mwalimu wa mpira anayeelewa anachotafsiri. Mkalimani wa ofisini hatoshi.

Majina matano, si thelathini

Gawanyeni orodha hivi: wawili wanaoijua ligi hii kwa sasa, mmoja wa Championship, ligi ya daraja la chini yake, aliyefanya makubwa kwa fedha kidogo, mmoja wa nchi jirani, mmoja wa mbali. Wa kwanza wasidharauliwe. Septemba 2022 Simba ilimwita Juma Mgunda kutoka Coastal Union siku chache kabla ya mechi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Hakuhitaji kutambulishwa kwa mchezaji yeyote, na timu ikaingia hatua ya makundi.

Vyeti vikaguliwe kabla ya simu ya kwanza. Someni kanuni za msimu husika za Bodi ya Ligi na za TFF, shirikisho la soka nchini, muone kocha mkuu na msaidizi wanatakiwa leseni ya daraja gani, kisha ombeni nakala na mthibitishe kwa shirikisho lililoitoa. Cheti cha semina ya wiki mbili si leseni. Zipo klabu zinazomwandikisha msaidizi mwenye cheti kama kocha mkuu huku mwenye mamlaka halisi akitajwa kuwa mshauri wa ufundi. Wachezaji hulitambua jambo hilo siku ya pili, na ugomvi wa nani anaamua mabadiliko huanza hapo.

Kwa kila jina, pigeni simu nne: kwa nahodha wa timu yake ya mwisho, kwa mchezaji aliyekuwa hapangwi, kwa meneja wa timu aliyesafiri naye, na kwa daktari au mtaalamu wa viungo. Wakala msimuulize; anauza bidhaa yake. Maswali yawe ya vitendo. Mazoezi yalianza saa ngapi na yalichukua muda gani? Baada ya kufungwa aliongea nini siku iliyofuata? Misuli iliumia mara ngapi katika miezi yake mitatu ya kwanza? Mchezaji aliyekuwa hapangwi akisema "alinieleza kwa nini", mmepata mtu.

Usaili wa saa mbili

Msimwache ajieleze kwa dakika arobaini. Kila kocha anajua kusema anapenda soka la kushambulia. Mpeni kazi. Siku tatu kabla, mtumieni video za mechi zenu tatu na orodha ya wachezaji wenye afya, pasipo maelezo mengine. Siku ya usaili wekeni mezani visoda 22, kumi na moja vya rangi moja na kumi na moja vya nyingine, na karatasi iliyochorwa uwanja. Mwambieni: "Tunaongoza bao moja, dakika ya 70, beki wetu wa kati amepewa kadi nyekundu. Onyesha."

Kisha tazameni mikono yake. Kocha anayejua kazi hugusa kwanza visoda vyenu vilivyobaki, anauliza nani yupo benchi, anamtaja mchezaji kwa jina, na kabla hajamaliza anasogeza visoda vya mpinzani kuonyesha watakavyokuja. Asiyejua anapanga mabeki watano mstari mmoja kisha anaanza kuhadithia alivyowahi kushinda mahali fulani. Tofauti hiyo inaonekana ndani ya dakika tano, na hakuna wasifu unaoweza kuificha.

Swali la pili: aandike ratiba ya wiki yenye mechi Jumamosi ugenini na Jumatano nyumbani. Tafuteni siku ya mapumziko, siku ya mipira iliyokufa, na saa ya kulala baada ya safari. La tatu: anataka kuja na watu wangapi? Wanne kwa mpigo ni mishahara mitano na pengine vibali vitano. Wawili wanatosha, na kocha wa makipa mliyenaye abaki kama makipa wanamwamini.

Wasaili wawe watatu, mmoja wao aliyecheza au kufundisha kwa kiwango hicho. Kila mmoja aweke alama peke yake kabla ya kuzungumza na wenzake, la sivyo alama za mwenyekiti ndizo zitakazokuwa za wote. Mdhamini anaweza kuelezwa matokeo, lakini asiwe na kura.

Mkataba ndio unaoua klabu

Tangu Januari 2021, kanuni za FIFA zina kiambatisho maalumu kuhusu ajira za makocha, na viongozi wengi hawajakisoma. Mambo matatu myashike. Kwanza, uhalali wa mkataba hauwezi kuwekewa sharti la kupata kibali cha kazi wala la kuwa na leseni fulani. Klabu ndiyo inayopaswa kuchunguza mapema. Mkisaini leo na kesho mkagundua leseni yake haitoshi, mnamlipa. Pili, kocha asiyelipwa mishahara miwili kwa wakati anaweza kuwapa notisi ya maandishi ya siku 15, kisha akavunja mkataba kwa haki na kudai fidia. Tatu, mkishindwa kulipa baada ya uamuzi, mnaweza kuzuiwa kusajili wachezaji hadi madirisha matatu mfululizo. Klabu kadhaa za ligi yetu zimeshafungiwa usajili kwa madeni, na timu iliyo mkiani isiyoweza kusajili iko njiani kushuka.

Kwa hiyo saini hadi mwisho wa msimu, na kifungu cha kuongeza mwaka mmoja timu ikibaki ligi kuu. Fidia ya kuvunja mkataba iandikwe kwa idadi ya miezi, mathalani miwili, ikubaliwe na pande zote mbili na ipitiwe na mwanasheria wa michezo. Bonasi ya kubakia daraja iwe nono kuliko bonasi ya mechi moja moja. Andikeni pia nani ana neno la mwisho juu ya kikosi: kocha. Kiongozi anayepiga simu hotelini saa nne usiku kuulizia kwa nini fulani hajapangwa ameuvunja mkataba huo kwa roho, hata kama fedha zimelipwa. Kwa mgeni, maombi ya kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi na cha ukaazi kwa Uhamiaji yaanze siku ya saini.

Wiki zake za kwanza

Mpeni lile jedwali la mabao, rekodi za majeraha na mafaili ya mtangulizi wake siku anayofika. Ajue pia namba iliyo ubaoni. Kaeni naye baada ya mechi ya tatu na ya sita, mkiangalia vitu mlivyokubaliana tangu mwanzo: mabao ya kona yamepungua, mashuti ya wapinzani ndani ya kumi na nane yameshuka, wachezaji wanamaliza dakika 90. Matokeo huchelewa kidogo nyuma ya hayo. Nasreddine Nabi aliichukua Yanga Aprili 2021 na msimu ule ubingwa ulikwenda kwingine; msimu uliofuata aliutwaa bila kupoteza mechi.

Ikiwa baada ya mechi sita hakuna hata kimoja kilichosogea, rudini kwa mhasibu na kwenye jedwali kabla ya kurudi kwa mawakala. Aliyekaimu naye msimsahau: mwambieni ana kwa ana, kabla ya tangazo, kama anabaki benchi au anarudi kwa vijana, kwa sababu wachezaji watamuuliza asubuhi hiyohiyo.