Gundi ya unga wa muhogo kwa kazi za mikono za mtoto

Huku Mtwara, ambako unga wa muhogo haukosekani jikoni, nimeona kwamba siku ya kusonga ugali ni siku nzuri pia ya kumtengenezea mtoto gundi. Kabla maji ya ugali hayajachemka, mpe mtoto bakuli lenye vijiko 2 vya unga na kikombe 1 cha maji baridi, akoroge kwa mkono mpaka asisikie punje hata moja vidoleni. Kisha wewe mtu mzima uchemshe mchanganyiko huo kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, hadi uji ule mweupe ugeuke kuwa mzito na wa kung'aa. Ukipoa, mtoto anaweza kubandika kunde, choroko au mchanga mkavu wa pwani juu ya boksi.

Maji yawe baridi mwanzoni, kwa sababu maji ya moto huivisha unga kwa nje tu na kuacha mabonge makavu ndani, ilhali wanga uliolowana vizuri huvimba wote kwa pamoja na kunata.

Gundi hii haishiki plastiki, na ikipakwa nene wakati wa masika huota ukungu kabla ya kukauka. Ikianza kunuka uchachu, itupwe. Maganda ya korosho mbichi, hata yakiwa yamejaa uani, asipewe mtoto kabisa, kwani mafuta yake huunguza ngozi.