Kukagua Seiko 5 iliyotumika: soma uchakavu wake kabla hujalipa

Saa iliyovaliwa miaka ishirini huchakaa yote kwa pamoja: bodi, kioo, uso, mishale na cheni. Ndiyo maana mteja akiniletea saa ya mtumba nimkagulie, mikwaruzo hainitishi. Naogopa sehemu moja kuwa kuukuu na jirani yake kuwa mpya, na naogopa zaidi dalili kwamba maji yamewahi kuingia. Mfano wangu ni Seiko 5, saa ya mkono ya Kijapani inayojijaza kwa mtikiso wa mkono, kwa sababu ndiyo inayopita mezani kwangu kuliko zote.

Andaa kitambaa laini, tochi ya simu na lenzi ya fundi inayokuza mara 10.

Hatua ya 1: Futa, kisha kagua bodi

Jasho na vumbi vikigandamana huficha mengi, kwa hiyo futa kwanza. Igeuze usome maandishi ya nyuma. STAINLESS STEEL peke yake maana yake bodi yote ni chuma cha pua: mikwaruzo yake ni ya kijivu mpaka ndani, na fundi anaweza kuing'arisha. Ukikuta STAINLESS STEEL BACK, ni mfuniko tu ulio chuma cha pua. Bodi yenyewe kwa kawaida ni shaba ya njano iliyochovywa tabaka jembamba la metali nyingine. Hapo angalia kwenye kona za masikio yanayoshika mkanda, na upande wa chini unaogusa ngozi. Umanjano ukichungulia, au vipele vyenye kutu ya kijani, usikubali kuambiwa "itasuguliwa". Ukisugua unazidi kuifunua shaba.

Chunguza pia bodi inayong'aa kupita kiasi. Kona zikiwa zimeviringika kama sabuni iliyotumika na maandishi ya nyuma yamefifia, imeshasuguliwa mara nyingi, na chuma kilichoondoka hakirudi.

Hatua ya 2: Cheni na kioo

Shika saa kwa ubavu, cheni ikae mlalo hewani. Ikining'inia kama kamba, viungo vimelegea. Kioo kikiwa kipya juu ya bodi kuukuu si kosa, vioo hubadilishwa. Muulize tu muuzaji kama mpira wa kuzuia maji nao ulibadilishwa.

Hatua ya 3: Uso na mishale

Hapa usiwe na haraka. Uso mweupe uliogeuka rangi ya chai ya maziwa kwa usawa, kote, umechomwa na jua na umri. Mimi huo naupenda, na usingependa mtu aupake rangi upya. Madoa yanayoanzia ukingoni ni habari nyingine. Kwenye Seiko 5 nyingi kitufe cha kuseti kiko pale mshale mfupi unapokaa saa kumi. Ukiona kivuli cha kahawia au rangi iliyovimba karibu na hapo, maji yalipitia kwenye kitufe. Kwetu Pwani, penye joto na chumvi hewani, doa dogo la hapo huwa na kutu kubwa nyuma yake.

Sasa weka lenzi kwenye kidirisha cha tarehe. Rangi nene iliyojikunja ukingoni, au herufi zenye kingo za kutambaa, zinaonyesha uso umepakwa upya. Linganisha pia siku na tarehe: moja ikiwa nyeupe na nyingine ya manjano, kisahani kimoja kimetoka kwenye saa nyingine.

Halafu mulika tochi nusu dakika na uzime taa. Rangi ya kung'aa gizani ikiwa imekufa kwenye uso na kwenye mishale, sawa, imezeeka. Mishale ikiwaka huku uso uko kimya, kimoja kimebadilishwa. Saa za kabla ya miaka ya 1960 kuisha, za kampuni yoyote, zinaweza kuwa na radiamu, kitu chenye mionzi ya hatari, katika rangi hiyo. Usiikwangue rangi hiyo wala usiifungue saa mwenyewe.

Hatua ya 4: Namba

Nyuma utakuta, kwa mfano, 7S26, kistari, na tarakimu nyingine nne. Zile nne za mwanzo ni mashine, na lazima zifanane na zilizochapwa kwa herufi ndogo sana chini ya uso. Nne za mwisho hazifanani na za usoni, usishtuke. Mashine ya 7S26 ilianza 1996. Muuzaji akikuambia ni ya miaka ya sabini, anakosea.

Hatua ya 5: Fungua mfuniko

Mwombe fundi aufungue mbele yako. Tazama ndani ya mfuniko: mikwaruzo ya upinde maana yake lile bawa zito linalozunguka ukitikisa mkono limelegea na linagusa. Vumbi jekundu kwenye matundu ya magurudumu ni chuma kinachosagana bila mafuta. Itahitaji kufunguliwa yote na kusafishwa, basi punguza bei kwa kiasi hicho. Kutu kwenye skrubu moja, inabadilishwa. Ikiwa imefika kwenye ile springi nyembamba kama unywele inayopanuka na kusinyaa, mrudishie muuzaji saa yake.