Tia boti ya Lamu ndani ya mchoro
Kitabu cha uchumi wa mazingira kikifika sura ya uvuvi, usikariri mchoro wa mapato na gharama za boti. Chukua penseli, andika pembezoni hesabu ya boti moja ya hapa Lamu: petroli, barafu, chakula cha mabaharia, kisha kilo za kamba mawe na bei ya siku hiyo gatini. Ongeza boti ya pili, ya tatu, kila moja ikipunguza kilo za wenzake. Utafika mahali mapato yanalingana na gharama na hakuna anayebaki na faida. Hapo ndipo mwanauchumi H. Scott Gordon alipopaeleza mwaka 1954, kwa bahari ambayo yeyote huingia. Mimi boti ya nne ndiyo iliyonielewesha. Mchoro wenyewe nilikuwa nimeukodolea macho wiki nzima. Usiitumie hesabu hii kwa miezi ya kusi kali: boti hukaa pwani kwa sababu ya upepo, si kwa hasara. Wala kwa mikoko, maana kuikata kwataka leseni, si yeyote huingia. Na sura ya mgao wa samaki unaouzika, yaani haki ya kuvua kiasi fulani ambayo mvuvi aweza kumuuzia mwenzake, kama wa New Zealand tangu 1986, isome kwa mfano wake wenyewe.